Alama za kosa kwenye barua za vita

Nilikwenda Katesh kwa habari nyingine kabisa. Desemba 3, 2023 matope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang, yakapita Gendabi na Jorodom hadi mjini, yakaua zaidi ya watu 80. Nilirudi kuwauliza walionusurika maisha yanakwendaje. Mama mmoja ambaye nyumba yake ilisombwa nilimuuliza kitu gani kati ya vilivyopotea kinamuuma mpaka leo. Nilidhani atataja cherehani, au hati ya kiwanja.

"Barua za kaka," alisema. "Za vita vya Amin. Zilikuwa kwenye kopo la maziwa juu ya kabati. Mama aliniachia."

Nilipokuwa naaga akanishika mkono. "Nyingine ziko kwa Mwalimu, kule juu Dongobesh. Yeye ndiye aliyekuwa akimsomea mama. Ukipita huko mwambie naziomba. Hata nakala."

Sikuwa na safari ya Dongobesh. Lakini neno lile halikuniacha nilale, na asubuhi nikapanda basi hadi Dareda, nikabadilisha gari, tukaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea nyanda za juu za Mbulu.

Mwalimu sasa ni bibi mwenye wajukuu. Mwaka 1978 alikuwa binti wa miaka 18, mmoja wa vijana wale waliomaliza darasa la saba wakakabidhiwa chaki huku wenyewe bado wanajifunza ualimu, maana UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ilikuwa imejaza watoto madarasani na walimu hawakutosha. Barua za kijiji kizima zilikuja kwa sanduku la posta la shule. Jioni, baada ya kengele, wazazi walikaa chini ya mti nje ya ofisi wakisubiri majina. Wengi walikuwa wamepita kwenye kisomo cha watu wazima, wakajua kuandika majina yao na kusoma maandishi makubwa ya ubaoni, lakini mwandiko wa askari aliyeandikia pajani ulikuwa jambo jingine. Tena barua iliandikwa kwa Kiswahili, na mama wa kaka yule wa barua alikuwa na Kiiraqw peke yake.

"Kwa hiyo nilikuwa nasoma kwa macho Kiswahili, mdomoni kinatoka Kiiraqw," Mwalimu aliniambia. "Hakuna aliyenifundisha kazi hiyo. Barua inaanza, salamu nyingi kama mchanga wa bahari. Mama bahari haijui. Kwao ni upande wa Hanang, basi nikamwambia salamu nyingi kama chumvi ya Balangida. Akacheka. Akasema, mwanangu hajasahau nyumbani."

Barua alizonazo ni 17. Anazihifadhi kwenye tranka la bati, chini ya kanga, ndani ya mfuko wa nailoni aliouzungushia kamba ya katani. Karatasi ni za daftari la mistari, zilizokunjwa mara nne hadi zikatoshea kwenye kiganja, na kwenye mikunjo zimeanza kukatika kama kitambaa kilichofuliwa sana. Wino wa kalamu ya bluu umefifia ukawa zambarau. Ndani ya mojawapo kuna stempu ambayo haikubandikwa popote: stempu ya zamani, ya enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye majina ya Kenya, Uganda na Tanzania pamoja. Kijana aliiokota Masaka, Uganda, akamtumia mdogo wake kama zawadi. Jumuiya ilikuwa imevunjika mwaka 1977, na mwaka uliofuata nchi mbili kati ya hizo tatu, Tanzania na Uganda ya Idi Amin, zikapigana. Niliishika stempu ile muda mrefu kuliko ilivyonipasa.

Ila kilichonifanya nikae kwa Mwalimu siku mbili badala ya saa mbili ni alama. Pembeni mwa baadhi ya mistari kuna alama ndogo ya kosa, ile ile anayoweka mwalimu kwenye hesabu iliyokosewa. Katika barua za mwanzo alama hizo ni za penseli. Kuanzia barua ya saba ni za kalamu ya bluu, wino ule ule ulioandika barua.

Nilimuuliza kama alikuwa akisahihisha Kiswahili cha askari. Akanitazama kwa huruma.

"Ile ni mistari ambayo sikuisoma," alisema.

Barua ya kwanza ilitoka Kagera, mwishoni mwa 1978. Baada ya mimi ni mzima, hofu ni kwako, kijana aliandika kwamba hawajala siku mbili na kwamba nyumba walizozipita zimechomwa, mbwa tu ndio waliobaki. Mwalimu alifika hapo, akainua macho, akaona mikono ya mama imeshika ncha ya kanga. Akaruka. Tatizo ni kwamba barua haikusomwa mara moja. Mama alirudi kesho yake, akarudi Jumapili baada ya kanisa, akaja na dada yake, na kila mara alitaka kusikia upya tangu salamu. "Mwenye kusikiliza anashika maneno kuliko mwenye kusoma," Mwalimu alisema. "Nikiruka leo nisiporuka kesho, ameshanijua. Ndiyo nikachukua penseli."

Mama naye hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi. Siku moja aliichukua karatasi, akaigeuza pande zote mbili, akapitisha kidole juu ya mistari. Akasema: karatasi imejaa, mbona maneno yako ni machache? Tangu hapo binti wa miaka 18 akawa hana budi kulipa alichokiruka. Penye njaa akaweka swali kuhusu ng'ombe. Penye nyumba zilizochomwa akaweka, je, mahindi yamebeba? Mama akajibu kila swali kwa furaha, naye Mwalimu akaandika majibu yote kwa Kiswahili safi na kuyapeleka posta. Ng'ombe mwenye mabaka amezaa jike. Mahindi yamebeba, ila ngedere wanasumbua.

Hayo yalimfikia askari ambaye hakuwa ameuliza chochote kuhusu ng'ombe.

Katika barua ya tano anasema anashukuru kwa habari za nyumbani, lakini hakumbuki kuuliza. Ni sentensi moja tu, bila hasira. Mwalimu anasema alilala macho. Alipoandika jibu la mama, chini kabisa akaongeza maneno yake mwenyewe: kwamba ni yeye anayesoma, kwamba mistari mingine inamshinda kuitamka mbele ya mzazi, kwamba ameiwekea alama na anaomba radhi. Barua ya sita ilikuwa imeshatumwa. Ya saba ilipofika, alama zilikuwepo tayari. Askari alikuwa ameziweka mwenyewe.

"Kaka yule hatukuwa tumeonana hata siku moja," alisema Mwalimu. "Lakini tulimlea mama yake pamoja."

Vita vyenyewe tunavijua: Mutukula, Masaka, Lukaya ambako majeshi yetu yalirudi nyuma kwanza kabla ya kusonga tena, Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979, na mwanzoni mwa Juni mapigano yakaisha. Kitabu cha Baldwin Mzirai, Kuzama kwa Idi Amin, kilitoka mwaka 1980. Kaboya kule Muleba kuna makaburi ya mashujaa yanayotunzwa vizuri na kukumbukwa kila Julai. Lakini sehemu kubwa ya barua za Mwalimu iliandikwa baada ya mizinga kunyamaza, maana majeshi yetu yalibaki Uganda mpaka 1981, na humo ndimo alama zilimoongezeka. Nilihesabu. Katika barua za miezi ya mapigano, ukurasa wenye alama nyingi una nne. Katika barua moja ya mwaka 1980 upande wa pili wote una alama, mstari kwa mstari, kuanzia juu hadi chini. Nyumbani, taifa lilikuwa limeambiwa lifunge mkanda kwa miezi 18, sabuni inapangiwa foleni, na mama alisikia ukurasa mmoja tu: mwanao ni mzima, anakula, anawasalimu wote kwa majina.

Sikusoma upande ule wa pili. Mwalimu aliufunika kwa kiganja, nami sikuuliza tena.

Kijana alirudi. Alipanda hadi shuleni akiwa na sabuni mbili na kitenge, akaomba kuziona barua zake. Zile ambazo hazikuwa na alama alizichukua akampa mama azitunze; ndizo zilizokwenda na matope mwaka 2023. Zenye alama alimrudishia Mwalimu. Hakutoa maelezo, alisema tu, "Hizi ni zetu." Sasa amefariki, na mama yake alimtangulia.

Ndipo nilipofikisha ombi la dada. Mwalimu alikaa kimya, akavua miwani, akaifuta kwa kanga.

"Mwambie aje. Nitamsomea."

Kisha, kama kunionyesha, akafungua barua ya nne na kuanza kusoma kwa sauti, sauti ya darasani, iliyonyooka. Karatasi tulikuwa tumeilaza kwenye meza kati yetu, naiona. Alipofika kwenye alama ya penseli hakusita wala kuvuta pumzi. Akaingia mstari uliofuata, na katikati pakatokea swali kuhusu ng'ombe mwenye mabaka.

Jioni nilimpigia simu dada kule Katesh nikamweleza alivyosema Mwalimu: aje, atasomewa. Simu ikanyamaza, nikafikiri mtandao umekata.

"Mwambie namshukuru sana," alisema hatimaye. "Lakini mwambie pia mimi najua kusoma."