Mdomo kukauka baada ya mionzi: Je, sindano za Kichina zinasaidia?

Baada ya swala ya Alasiri, mzee mmoja anayesalisha mtaani kwetu alinishika mkono tukakaa barazani. Amemaliza tiba ya mionzi ya saratani ya koo na, alhamdulillah, uvimbe umepungua. Lakini mdomo umekauka. Akisoma Al-Fatiha kwa sauti, ulimi unanata kabla hajafika nusu. Ugali haushuki bila maji. Jirani kamwambia sindano za Kichina zinarudisha mate. Mwingine kamwambia hizo ni chale, ushirikina mtupu. Akaniuliza: "Sasa mwanangu, nishike lipi?"

Mionzi ya kichwa na shingo kwa kawaida hupigwa siku 5 kwa wiki, wiki 6 hadi 7. Inaua saratani, lakini tezi za mate ziko jirani: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Tezi hizi huumia upesi, na mate huanza kupungua tangu wiki za mwanzo. Mate hayalainishi chakula tu, bali huosha meno. Yakikosekana, meno huoza haraka na fangasi hutanda ulimini.

Ama hizo sindano, yaani akupancha, ni nyembamba sana na hazina dawa ndani. Damu haitolewi kama kwenye hijama, wala hakuna kinachosomewa. Huchomekwa, huachwa dakika 20 hivi, kisha huchomolewa. Kuziita chale si haki. Wachina wa zamani walizieleza kwa habari ya nguvu inayopita mwilini. Si lazima tuyaamini hayo ili kupima kama zinafaa.

Na zimepimwa. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Shanghai, China, na Houston, Marekani, kwa wagonjwa 399 waliokuwa wakipigwa mionzi. Kundi moja lilichomwa sindano za kweli mara 3 kwa wiki muda wote wa mionzi, la pili za kuigiza, la tatu halikuchomwa. Baada ya mwaka mmoja, waliobaki na ukavu wa kusumbua walikuwa 35 katika kila 100 wa sindano za kweli, 48 wa za kuigiza na 55 wa wasiochomwa. Nafuu ipo, lakini si kubwa kama jirani anavyoisifu. Tena Shanghai sindano za kweli zilishinda waziwazi, ilhali Houston hata za kuigiza zilionekana kusaidia. Na hao walianza pamoja na mionzi. Mzee wetu ameshamaliza, kwa hiyo hesabu hiyo si yake moja kwa moja.

Ninachokiogopa zaidi ni mgonjwa kukatisha mionzi akasema ataponea kwenye sindano. Sindano haziui saratani. Anayezitaka amuulize kwanza daktari wake wa mionzi, awe Ocean Road au Bugando, kwa sababu damu ikiwa imeshuka huweza kuvuja au kuingiwa na vijidudu. Pakiti ifunguliwe mbele yako, sindano itumike mara moja na kutupwa. Sindano ya kurudiwa huambukiza homa ya ini na UKIMWI. Isichomwe kwenye ngozi iliyoungua kwa mionzi.

Nyumbani, mgonjwa anywe maji kidogo kidogo, na asukutue kwa maji yenye chumvi kiasi mara kadhaa kwa siku, mbali na kule kusukutua kwa udhu. Mswaki wa mti autafune mpaka ulainike, asikwaruze fizi, na atumie pia dawa ya meno yenye floraidi. Halua na soda apunguze. Ikifika Ramadhani asijilazimishe. Mgonjwa ana ruhusa, amuone daktari na shekhe wake. Na jino likiuma, asikimbilie kung'oa kabla ya kumwambia daktari wa meno kwamba alipigwa mionzi, hata kama ni miaka mingi imepita, kwa sababu mfupa wa taya uliopigwa mionzi huweza kukataa kupona.