UJUZI UNAO, CHETI JE?

Tuchukue mfano wa mwenzetu Mkenya, fundi umeme wa magari, aliyetengeneza stata na alteneta za magari ya kuvuta mizigo katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba kwa miaka minane. Akirudi nyumbani bila cheti, huandikwa fundi asiye na gredi.

Hapo ndipo mshahara unapopotea. Amri ya mishahara ya Kenya hupanga kima cha chini kwa ngazi: fundi asiye na gredi, halafu Gredi ya 3, ya 2 na ya 1.

Dawa yake ni mtihani wa ufundi wa Serikali, unaosimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Mafunzo ya Viwandani, yaani NITA. Aliyejifunzia kazini anaweza kuufanya. Huanza Gredi ya 3, kisha hupanda. Mafundi wa mashine viwandani nao wana mitihani yao.

Twawashauri: kabla ya kuacha kazi, ombeni barua yenye muhuri, itaje kazi na miaka. Barua si cheti, lakini ni ushahidi. Ukishapata gredi na mwajiri akakataa kuitambua, njoo chamani. Tusikubali jasho la fundi lilipwe kama la kibarua.