Umefunga Simu. Je, Laini Umeifunga?

Wengi wetu tukishaweka patani au alama ya kidole kwa simu, tunatulia. Lakini kufuli la skrini linalinda simu tu. Laini, ile inayobeba akaunti yako ya pesa, inahitaji kufuli lake.

Tuseme simu imenyakuliwa kwa dirisha la matatu. Mwizi hana haja ya kujua patani yako. Anachomoa laini, anaiweka kwa simu nyingine, na meseji zako zinaanza kuingia kwake, pamoja na namba za uthibitisho zinazotumwa na benki. Na kama PIN yako ya pesa ni mwaka wa kuzaliwa, na kitambulisho umekiweka nyuma ya kava, umemrahisishia kazi.

Hata kufuli la skrini lenyewe linaweza kuwa na kasoro. Mwaka 2022, mtafiti David Schütz alionyesha jinsi simu ya Google Pixel iliyofungwa ingeweza kufunguliwa bila namba ya siri. Aliweka laini yake mwenyewe, akakosea PIN ya laini hiyo mara 3, akaingiza PUK na PIN mpya. Simu ikafunguka! Google ilimlipa dola 70,000, na marekebisho yakatoka Novemba mwaka huo. Lakini marekebisho hayo yanamsaidia tu aliyesasisha simu yake.

Basi leo, kabla hujalala, fanya haya:

• Weka PIN ya laini kwenye setingi za usalama. Uliza mtandao wako PIN ya mwanzo, usibahatishe. Ukikosea mara 3, laini itajifunga na utahitaji PUK.
• Ficha maneno ya meseji yasionekane skrini ikiwa imefungwa.
• Simu ikikuambia usasishe, sasisha.
• PIN ya pesa isifanane na ya skrini wala mwaka wako wa kuzaliwa. Kitambulisho nacho kitoe kwa kava.
• Simu ikiibiwa, azima ya jirani upige mtandao wako wafunge laini. Usingoje kesho.

PIN ya laini itaulizwa kila simu ikizimwa na kuwashwa. Ni usumbufu kidogo, tunajua. Lakini mwizi naye ataulizwa, na yeye hana jibu.