Jiwe na Daftari: Masomo ya Sanaa na Biashara katika Shule za Upili za Kisii na Nyamira

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Iwapo kuna mahali ambapo kauli hiyo hudhihirika waziwazi, basi ni Tabaka, katika eneo la Mugirango Kusini, Kaunti ya Kisii. Huko huchimbwa lile jiwe laini liitwalo jiwe la sabuni, nao wachongaji huligeuza likawa kiboko, sahani au ubao wa sataranji. Makala haya yanaeleza uhusiano uliopo baina ya kazi hiyo na masomo mawili ya shule ya upili, yaani Sanaa na Elimu ya Biashara, pamoja na hasara impatayo mwanafunzi masomo hayo yanapotenganishwa.

Nafasi ya masomo haya katika mtaala

Katika mfumo wa 8-4-4, ulioanzishwa mwaka 1985, somo la Sanaa na Usanifu hutahiniwa kwa karatasi tatu: nadharia, uchoraji, na mradi ambao mtahiniwa huutengeneza kwa muda wa majuma kadhaa. Elimu ya Biashara nayo ina karatasi mbili, zote za kuandika. Kufuatia marekebisho ya mtaala ya mwaka 2002, somo hili lilijumuisha mada ambazo awali zilifundishwa katika masomo ya Biashara, Uhasibu na Uchumi.

Masomo yote mawili ni ya hiari, lakini hayana bahati sawa. Mwalimu wa Biashara huhitaji kitabu, chaki na ubao. Mwalimu wa Sanaa huhitaji rangi, karatasi, patasi, udongo na chumba cha kuhifadhia kazi zisizokamilika. Shule inapobanwa na uhaba wa fedha, Sanaa huwa ya kwanza kuachwa. Ndiyo maana mtoto aliyezaliwa hatua chache kutoka kwenye timbo la mawe anaweza kuhitimu kidato cha nne bila kuwahi kushika patasi darasani.

Darasa lililo nje ya darasa

Hata hivyo, ujuzi wenyewe haukosekani. Jiwe huchimbwa kwa sururu, hukatwa kwa panga likiwa bado na unyevu, kisha huchongwa kwa patasi na kisu. Baadaye husuguliwa kwa msasa na maji, hutiwa rangi au kuchorwa nakshi, na mwishowe hupakwa nta ili ling'ae. Kwa desturi wanaume ndio huchonga, ilhali wanawake na watoto husugua. Kutoka katika mazingira haya alichipuka Elkana Ong'esa, mzaliwa wa mwaka 1944, ambaye sanamu yake ya Enyamuchera, ndege wa amani, imo katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris.

Kinachokosekana mara nyingi ni hesabu. Ichukuliwe mfano wa kubuni. Mchongaji ananunua jiwe kwa shilingi 300, msasa na nta kwa shilingi 120, analipa shilingi 150 za kusugua na shilingi 80 za usafiri. Jumla ni shilingi 650. Akiuza kinyago kwa shilingi 800, hujiona amepata mia nane. Kumbe amebakiwa na shilingi 150 kwa kazi ya siku mbili, yaani shilingi 75 kwa siku, na patasi iliyochakaa haijahesabiwa. Endapo anayesugua ni mkewe au bintiye asiyelipwa, faida huonekana kubwa zaidi, ingawa kwa hakika gharama imefichwa tu.

Hapa ndipo somo la Biashara linapofaa. Mada ya mkondo wa usambazaji bidhaa, ifundishwayo kidato cha tatu, hueleza kwa nini bei ya kinyago hupanda kila kinapopita mkononi mwa mchuuzi kabla ya kumfikia mtalii. Leja na daftari la fedha, za kidato hicho hicho cha tatu, humwonyesha mchongaji bei ambayo hapaswi kushuka chini yake.

Funzo kutoka Nyamira

Kaunti jirani ya Nyamira hutoa mfano mwingine. Mkulima apelekaye majani ya chai katika viwanda kama Kebirigo au Nyansiongo hupimiwa uzito, hupewa stakabadhi, hulipwa kila mwezi, na baadaye hupata malipo ya ziada ya mwaka, yaani bonasi. Anaweza kulalamikia bei, lakini ana maandishi ya kulalamikia. Mchongaji wa Tabaka, aghalabu, ana kumbukumbu ya kichwani pekee. Mwalimu wa Biashara anayeziweka stakabadhi za chai kando ya kinyago kimoja huwa amefundisha mada nzima bila kusafiri mbali.

Mtaala mpya

Mtihani wa KCSE wa mfumo wa 8-4-4 umepangwa kufikia kikomo mwaka 2027. Katika mtaala wa umilisi, ulioingia shule ya upili ya juu mwaka 2026, Sanaa imewekwa katika mkondo wa Sanaa na Michezo, na Biashara katika mkondo wa Sayansi za Jamii. Fauka ya hayo, si kila shule inayotoa mikondo yote mitatu. Sanaa imepewa hadhi ambayo haikuwa nayo awali, lakini ukuta baina yake na daftari ungalipo.

Hitimisho

Ukuta huo hautabomolewa na mtaala peke yake. Utabomolewa na walimu wawili wa shule moja watakaokubaliana kwamba mradi wa Sanaa wa mwanafunzi ukadiriwe gharama katika kipindi cha Biashara, na kwamba zoezi la leja litokane na jiwe halisi. Mwanafunzi ajuaye kuchonga bila kuhesabu atawatajirisha wengine. Ajuaye kuhesabu bila kuchonga hatakuwa na cha kuuza. Kisii na Nyamira zina jiwe, zina chai, na zina walimu. Kilichosalia ni kuviweka mezani pamoja.