Safari ya Milimani yenye Kuvuka Mpaka

Mahali Kongo, Rwanda na Uganda zinapokutana, kuna milima ya moto inayoitwa Virunga. Milima hiyo ni minane. Miwili tu, Nyiragongo na Nyamulagira, ingali inatoa moto, na yote miwili iko Kongo. Mlima mmoja unaitwa Sabyinyo, maana yake meno ya mzee, kwa kuwa kilele chake kina mapengo kama kinywa cha mzee. Juu ya kilele hicho mipaka ya nchi tatu inakutana. Mtoto wa Rutshuru, mtoto wa Musanze na mtoto wa Kisoro wanatazama mlima uleule, kila mmoja kwa upande wake.

Kusafiri kwa motokari kati ya milima hiyo ni furaha kubwa. Lakini safari njema huanza nyumbani, mezani, kabla motokari haijawashwa.

1. Kuchagua njia

Baba mmoja anakaa Kigali, mji mkuu wa Rwanda. Anataka kwenda Kabale, katika Uganda, pamoja na mke wake na watoto. Njia ziko mbili. Ya kwanza inapita Gatuna, nayo ni fupi, karibu kilometa 100. Ya pili inapita Musanze, mpaka wa Cyanika na mji wa Kisoro. Hiyo inazidi kilometa 200, lakini ndiyo yenye uzuri.

Katika njia ndefu msafiri anapita chini ya mlima Muhabura, wenye kimo cha meta 4,127. Jina lake maana yake ni kiongozi wa njia, maana huonekana toka mbali. Karibu na njia kuna maziwa mawili, Burera na Ruhondo. Baada ya Kisoro barabara inapanda na kuingia katika msitu wa Echuya, wenye mianzi mingi. Kisha, chini kabisa, linatokea ziwa Bunyonyi na visiwa vyake. Basi baba anaamua: kwenda kwa njia ndefu, kurudi kwa njia fupi.

2. Kuchagua siku

Mvua kubwa hunyesha toka mwezi wa tatu hata wa tano, tena toka mwezi wa tisa hata wa kumi na mbili. Wakati huo udongo wa milimani unalegea na kuporomoka. Mwanzo wa mwezi wa tano, mwaka 2023, mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Kwa hiyo baba anachagua mwezi wa saba, wakati wa kiangazi.

Tena hachagui Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Asubuhi ya siku hiyo watu wa Rwanda wanafanya kazi ya wote pamoja, inayoitwa umuganda, na motokari zinasimama mpaka kazi imekwisha.

3. Kutayarisha makaratasi

Kila mtu, hata mtoto, awe na karatasi zake za kuvukia mpaka. Awe pia na kadi ya manjano inayoonyesha kwamba amechanjwa homa ya manjano. Chanjo hiyo yahesabiwa kuwa na nguvu baada ya siku 10. Mwenye kuchanjwa jana hawezi kuvuka leo. Motokari nayo ina kadi yake ya manjano, ya bima, inayokubaliwa katika nchi nyingi jirani.

Mwisho, baba anauliza habari za mpaka. Mpaka wa Gatuna ulifungwa mwaka 2019, nao haukufunguliwa tena mpaka 31 Januari 2022. Katika miaka hiyo, aliyesafiri bila kuuliza alirudi alikotoka. Kuuliza si ujinga.

4. Mambo yanayobadilika mpakani

Mtu akivuka Cyanika, milima ni ileile na mashamba ni yaleyale. Lakini mambo matatu yamebadilika.

La kwanza ni feza. Upande mmoja ni franka, upande wa pili ni shilingi.

La pili ni saa. Saa ya Uganda imetangulia ya Rwanda kwa saa moja. Kama mwenye mtumbwi wa Bunyonyi amesema, «Njooni saa 10», saa ya Kigali itakuwa bado inaonyesha saa 9. Asiyesogeza saa yake atachelewa. Lakini jua halisogezwi na mtu. Linapotua karibu saa 12 huko Kigali, linatua pia Kabale, ingawa saa za huko zinaonyesha karibu saa 1. Basi kwa kuonana na watu, baba anafuata saa ya Uganda. Kwa kusafiri, anafuata jua. Anaondoka mapema, ili giza lisimkute milimani, penye ukungu na watu wanaotembea kando ya barabara bila taa.

La tatu ndilo kubwa kuliko yote, kwa kuwa linaweza kuua. Katika Rwanda, kama katika Kongo, motokari zinafuata upande wa kuume. Katika Uganda zinafuata upande wa kushoto, kama Waingereza walivyozoea. Motokari ya baba ina usukani upande wa kushoto. Akiwa Uganda nyuma ya lori, hawezi kuona vema kinachokuja mbele. Kwa hiyo anakaa mbali na lori, hana haraka, wala hajaribu kulipita penye kona.

Watoto nao wana la kujifunza. Nyumbani, mtoto anayetaka kukata barabara hutazama kushoto kwanza, kwa maana motokari ya karibu hutoka huko. Katika Uganda, motokari ya karibu hutoka kuume. Mtoto akishuka Kisoro kununua ndizi, akatazama kushoto tu kama alivyozoea, akakimbia, anaweza kugongwa na motokari ambayo hakuiona kabisa. Kwa sababu hiyo mama anawaonya watoto wake tangu Kigali: «Huko tunakokwenda, mtatazama kuume kwanza, kisha kushoto, kisha kuume tena.» Mpakani anawaulizia tena neno hilo, nao wanalijibu pamoja kabla ya kupita.

5. Kupanda na kushuka

Milimani shofere mwenye akili hashuki kwa kukanyaga freni muda wote. Freni zikipata moto sana, hazishiki tena. Anashuka kwa vitesi ndogo, na injini yenyewe inazuia motokari. Kwenye kona asiyoona mbele yake anapiga honi.

Siku ya kurudi, mama anafungua mizigo na kutoa mifuko ya plastiki, kwa maana Rwanda imeikataza tangu mwaka 2008. Baada ya Gatuna baba anarudi upande wa kuume, na watoto wanarudia kutazama kushoto kwanza.

Aliyetayarisha safari yake anaweza kutazama milima kwa moyo mtulivu. Asiyetayarisha anatazama saa, karatasi na polisi, na milima inampita.

Maulizo

1. Jina la Sabyinyo maana yake ni nini? Nchi gani zinakutana juu yake?
2. Kwa nini yafaa kuchanjwa siku 10 kabla ya safari?
3. Jua likitua Kigali saa 12, saa za Kabale zinaonyesha saa ngapi?
4. Unataka kukata barabara Kisoro. Utatazama wapi kwanza? Eleza sababu.