Shabiki wa magongo ya barafuni? Panga usingizi wako kabla msimu haujakumaliza

Simu inalia saa tisa kasoro usiku. Unajifunika blanketi gubigubi ili mwangaza usimwamshe unayelala naye chumba kimoja, kisha unaanza kutazama Toronto Maple Leafs. Kufikia saa kumi na mbili uko steji ukisubiri matatu, macho mekundu kama nyanya, na steji nzima hakuna hata mtu mmoja wa kumsimulia bao la dakika ya mwisho.

Kama hayo ni maisha yako, basi wewe ni mmoja wa Wakenya wachache walionaswa na NHL, ligi ya magongo ya barafuni ya Marekani na Kanada. Huenda ulianza 2018, video ya Kenya Ice Lions iliposambaa mitandaoni. Hawa ni vijana wetu wanaofanyia mazoezi kwenye kiwanja kidogo cha barafu pale Panari, Mombasa Road. Walisafirishwa hadi Kanada, wakavalishwa jezi mpya na kucheza pamoja na mastaa Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Nani angeona hiyo asivutike?

Shida si mapenzi. Shida ni kalenda.

Umezoea EPL, ambako kila timu hucheza mechi 38. Sasa hesabu hii: msimu wa 2024/25 NHL ilikuwa na timu 32, na kila moja ilisakata mechi 82. Hizo ni mechi 1,312 kabla hata mchujo haujaanza. Timu yako inaweza kucheza Jumanne, Alhamisi, Jumamosi na bado Jumapili ikarudi uwanjani. Ukisema utatazama zote mubashara, Krismasi haitakupata ukiwa mzima. Usingizi ni kama bando: ukiumaliza Jumatatu, wiki nzima utaishi kwa kuokoa jahazi.

Kwanza, ijue saa. Mechi ya saa moja jioni Toronto au New York ni saa tisa usiku Nairobi wakati wa baridi yao. Wao hubadilisha saa mwezi Machi, sisi hatubadilishi, kwa hivyo kuanzia hapo mechi hiyo hiyo huwa saa nane usiku. Lakini zipo nafasi tamu. Mechi ya mwisho ya Jumamosi usiku, ile ya akina Vancouver na Edmonton, mara nyingi hutufikia Jumapili saa kumi na mbili asubuhi. Unaitazama na chai yako, unaoga, na kanisani unafika kwa wakati. Zipo pia mechi za mchana wa wikendi kwao, ambazo kwetu ni jioni. Alex Ovechkin alipofunga bao lake la 895 na kuvunja rekodi ya Wayne Gretzky, tarehe 6 Aprili 2025, ilikuwa mchana wa Jumapili huko New York. Hapa watu walikuwa wakisubiri chakula cha jioni. Hakuna aliyehitaji kukesha.

Pili, jifunze kusoma jedwali. Ushindi ni pointi mbili. Ukipoteza ndani ya dakika 60 za kawaida, huna kitu. Ukipoteza katika muda wa ziada au kwa penalti, unaondoka na pointi moja. Ndiyo maana timu inaweza kupoteza mechi tatu mfululizo na bado isiporomoke. Dakika tano za kutazama jedwali asubuhi na muhtasari wa mabao ukiwa ndani ya matatu zinatosha kabisa siku za wiki. Wewe bado ni shabiki kamili, usidanganywe.

Tatu, usikate tamaa mapema. Mnamo 3 Januari 2019, St. Louis Blues walikuwa mkiani mwa ligi nzima. Mwezi Juni mwaka huo huo walinyanyua Kombe la Stanley, la kwanza katika historia yao. Aliyetupa jezi Desemba alijuta. Kwa upande mwingine, mashabiki wa Maple Leafs wanasubiri kombe tangu 1967, na bado wanajaza uwanja. Ligi hii haina kushushwa daraja, na timu dhaifu hupewa nafasi nzuri ya kuchagua chipukizi. Kwa hivyo chagua timu unayoweza kuvumilia, si ile inayoshinda leo.

Nne, na hili tuambiane ukweli: usiku mrefu na simu mkononi ni mwaliko wa kubeti. Usiingie. Timu ikicheza siku mbili mfululizo, kipa nambari moja mara nyingi hupumzishwa, na kipa ndiye nusu ya matokeo katika mchezo huu. Wewe uliyeweka pesa ya fare kabla ya kulala hujui hata nani atasimama langoni. Ushabiki hauna haja ya kukugharimu kodi ya nyumba.

Ukijibana hivyo tangu Oktoba, utafika Aprili ukiwa na nguvu za kukesha panapostahili. Timu 16 huingia mchujo, raundi nne, na kila raundi mshindi ni wa kwanza kufikisha ushindi mara nne. Huku hakuna penalti. Mkitoka sare, mnaongezewa dakika 20, kisha 20 nyingine, hadi mmoja afunge. Mechi iliyoanza saa nane usiku inaweza kukukuta bado umekaa jua likichomoza, kwa hivyo kama uko na mtihani au zamu ya asubuhi, amua mapema.

Fainali ya 2024 inaonyesha kwa nini inafaa kungoja. Florida Panthers waliongoza 3-0, Edmonton Oilers wakasawazisha 3-3, kisha Florida wakashinda mechi ya saba 2-1. Connor McDavid wa Edmonton alitajwa mchezaji bora wa mchujo licha ya kupoteza.

Kwa usiku kama huo, omba ruhusa ya kuchelewa kazini, chemsha kahawa, na umwite rafiki mmoja ambaye hajawahi kuona mchezo huu. Mwambie asikitafute kile kisahani cheusi, kina kasi mno. Atazame wachezaji wanakoelekea. Na msimu ujao, pale steji, utakuwa na mtu wa kupiga naye stori.