Nyumba yenye magurudumu: siku tisa pwani na bibi na bwana wanaolala ndani ya gari

Wanaonisoma hapa wamezoea niwaletee mambo ya mihogo, mpunga na mbolea. Leo naacha shamba kidogo, juu kuna swali linarudi kila mara picha ya gari yenye kitanda ndani inapopita kwenye simu zetu. Hawa bibi na bwana wanaoishi ndani ya gari kando ya bahari, wanakula nini? Wanaenda choo wapi? Na feza inatoka wapi? Kisha mmoja anafunga mazungumzo: "Achaneni nayo, ni mambo ya wazungu."

Mimi nilikaa siku tisa na bibi na bwana wa namna hiyo, na hawakuwa wazungu. Walikuwa Wakenya, bwana fundi wa umeme, bibi mwalimu, wote wawili umri wetu huu huu. Gari yao ilikuwa Toyota Hiace kuukuu iliyowahi kubeba abiria miaka mingi, ile wao wanaita matatu. Walitoa viti vya nyuma wakatia kitanda.

Nilifikaje kule? Ilikuwa mwezi wa saba 2024. Nilimsindikiza yaya yangu, anayefanya biashara ya mchele hapa Kasongo, kutafuta mashine ya kukoboa mpunga. Moto mpaka Kalemie, siku nne na kuanguka mara mbili, kisha boti mpaka Kigoma, kisha gari moshi zaidi ya kilomita 1,200 mpaka Dar es Salaam. Yaya akabaki anabishana bei. Mimi nikaenda Bagamoyo, juu mtoto yeyote wa Kasongo amesikia jina hilo tangu shule ya msingi.

Mnajua juu ya nini. Karne ya 19 njia ilikuwa moja: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kuvuka Tanganyika, Kabambare, Kasongo, Nyangwe. Tippu Tip alikuwa na makao yake hapa kwetu. Pembe za ndovu zilitoka huku juu ya mabega ya watu, na watu wenyewe wengi walitoka huku na minyororo shingoni. Mpunga tunaolima Maniema ulikuja kwa njia hiyo. Lugha ninayoandika sasa, pia. Nilisimama mbele ya bahari nikafikiri: watu wetu walitembea kwa miguu mpaka hapa, miezi na miezi, na hakuna aliyewauliza kama wanapenda safari. Nikageuka, nikaona Hiace imeegeshwa chini ya mnazi, mwanamke anakaanga vitumbua, mwanaume anaanika mashuka. Tulisalimiana. Waliposikia natoka Kongo na ni mtu wa kilimo, wakaniambia wanateremka kusini kuona mikorosho, na mbele kuna kiti cha tatu. Nililipa kwa kupika na kwa kuchota maji. Usiku nililala nje, ndani ya hema.

Sasa tuingie ndani ya hiyo gari, juu hapo njo penye elimu.

Kitanda ni mbao juu ya masanduku. Ndani ya masanduku muna nguo, vyombo, unga, vipuri. Maji yako ndani ya mapipa mawili ya lita thelathini, na hesabu yao ilikuwa kali: lita kumi na tano kwa siku kwa watu wawili, kupika na kuosha vyombo humo humo, kuoga ndoo moja ndogo. Mimi nilipoingia hesabu ikaharibika, ndiyo sababu nilikuwa mchotaji. Plaki ya sola juu ya paa inalisha betri, betri inalisha taa, simu na feni. Frigo hakuna. Samaki ananunuliwa asubuhi, analiwa mchana.

Choo? Ni ndoo yenye kifuniko na mfuko wa maranda ya mbao. Kila mara unatupia maranda juu, harufu inakwisha. Mkojo unaenda ndani ya chombo chengine. Hapa nilifurahi kama mwagronomi, juu ni kanuni ile ile ya mboji: kaboni nyingi ya maranda inashika nitrojeni ya kinyesi, na ukikausha, inzi hawapati kazi. Walikuwa wanafukia mbali na visima. Niliwaeleza kwamba mahali pale pasipandwe mboga za kuliwa mbichi kwa muda mrefu, mwaka na zaidi, juu ya mayai ya minyoo. Bibi akacheka: "Sisi tunakuja kuona bahari, wewe unaona mboji."

Feza ni sehemu ambayo kila mtu anaogopa. Hiace ya dizeli ilikuwa inakula lita kumi hivi kwa kilomita mia. Kutoka Dar es Salaam mpaka Lindi ni kama kilomita 450. Fanyeni hesabu: safari yote ya kusini ni chini ya bidoni tatu za lita ishirini. Chakula ni kile kile wangekula nyumbani. Kodi ya nyumba hawalipi, waliirudisha. Bwana alikuwa anatengeneza umeme wa nyumba za wageni, wanamwachia kiwanja cha kulala na bomba la maji. Hawakuwa matajiri. Kilichowashinda sana ni matairi.

Karatasi pia si ajabu: kitabu cha gari, kibali cha kuingiza gari kwa muda pale Horohoro kwenye mpaka, na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo hata nchi yetu inaitambua. Tangu 2022 Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa karatasi, ile Hiace ingeweza kufika mpaka Kasongo. Bwana aliniuliza jambo hilo kwa moyo wote, na simu mkononi: "Hapa naona mstari, Kalemie, Kabambare, Kasongo. Ni siku ngapi?" Nikamwambia mstari huo usiuamini. Akadhani natania.

Tulipotoka Dar es Salaam tulipita Kibiti, Ikwiriri, kisha tukavuka mto Rufiji juu ya Daraja la Mkapa. Mita 970 za saruji, gari ilivuka kwa dakika moja. Bibi alitaka kupiga picha, bwana akasimamisha ng'ambo. Mzee mmoja aliyekuwa anauza machungwa akaja kuongea. Alisema daraja lilipofunguliwa, mwaka 2003, yeye alikuwa ameshazaa watoto wote. Kabla ya hapo kulikuwa na kivuko pale Ndundu. Mvua ikinyesha, mto unapanuka, malori yanangoja siku, pengine wiki, madereva wanapika kando ya barabara kama kwao. Watu wa Lindi na Mtwara walikuwa na korosho na hawakuwa na njia. Mfanyabiashara anayeweza kufika anakata bei anavyotaka, juu mkulima hana mwengine wa kumuuzia.

Nilimsikiliza yule mzee nikaona ni kama anaongea habari za Kasongo. Mpunga wetu, karanga, mafuta ya ngazi: yaya yangu anajua bei ya Kindu, anajua bei ya Kalemie, lakini gunia halijui kuruka. Kinga inabeba magunia mawili, moto inabeba matatu, na mvua ikianza hata hizo zinakwama ndani ya matope. Wazazi wanasimulia wakati wa makantoniye, kila mmoja na kipande chake cha barabara, jembe na koleo, mfereji safi pande mbili. Barabara ya udongo haihitaji lami ili idumu. Inahitaji maji yatoke juu yake. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa pili aliyesoma mmomonyoko wa udongo anaweza kuwaeleza hilo.

Na lami yenyewe inakufa kwa maji. Mwezi wa tano mwaka ule ule kimbunga Hidaya kilileta mvua, barabara ikakatika pale Somanga. Siye tulipita miezi miwili nyuma yake, juu ya mawe mapya, pole pole.

Sasa aibu yangu.

Tulikuwa hatujafika Kilwa Masoko, jioni, tukatafuta mahali pa kulala kando ya bahari. Mimi mtu wa udongo nikashuka, nikapiga mchanga kwa kisigino. Mchanga wa juu, karibu na minazi, ulikuwa mwepesi, gari ingezama. Mchanga wa chini ulikuwa umelowa na umeshikamana, mgumu kama sakafu. Nikasema kwa sauti ya lisanse: "Hapa chini njo pazuri." Bwana akateremsha gari. Bibi akauliza mara moja tu: "Una hakika?" Mwezi ulikuwa mviringo kabisa, mzuri sana. Tukala samaki, tukalala.

Ndugu zangu, mtu aliyekua kando ya Lualaba anajua mto unaopanda kwa msimu. Hajui maji yanayopanda mara mbili kwa siku. Bahari inavutwa na mwezi na jua. Mwezi ukiwa mpevu au mchanga vinavuta pamoja, maji yanajaa sana na kupwa sana, na watu wa pwani wanaita wakati huo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, tofauti inakuwa ndogo, wanaita maji mafu. Kwa pwani ile, wakati wa bamvua, kati ya kupwa na kujaa kunaweza kupita mita tatu kwenda juu. Na maji yanajaa kama saa kumi, alasiri na usiku. Alama ilikuwepo mbele ya macho yangu: mstari wa majani ya bahari na makapi, ukiwa juu yetu, karibu na minazi. Niliuona. Niliudhani takataka.

Saa tisa za usiku hema langu lililowa. Nilipotoka, maji yalikuwa yanalamba matairi ya nyuma. Bwana akawasha, matairi yakachimba, gari ikakaa juu ya tumbo lake. Nyumba yao yote, ndugu zangu. Kitanda, vyombo, akiba, vyeti vya shule vya bibi ndani ya mfuko wa plastiki. Nilikimbia nikipiga kelele kuelekea taa ya wavuvi waliokuwa wanatayarisha ngalawa. Walikuja saba. Hawakuuliza maneno. Mmoja akapunguza upepo wa matairi yote manne, wengine wakakata makuti wakayatandika mbele ya magurudumu, wakafunga kamba ya chombo. Tulivuta tukiimba, mimi wimbo sikuujua, niliitikia tu. Maji yalikuwa yamefika kwenye mlango Hiace ilipopanda.

Mvuvi mzee akaniuliza natoka wapi. Nikasema Kongo, Kasongo. Akatikisa kichwa: "Basi huna kosa. Lakini siku nyingine uliza mtoto yeyote." Feza alikataa, alipokea chai.

Ninachotaka mjue zaidi ni kilichofuata kati ya bibi na bwana. Nilingoja ugomvi. Bibi alikuwa ameuliza, hakusikilizwa. Lakini alinyamaza mpaka jua limetoka na chai imenyweka, ndipo akatoa daftari. Walikuwa na kanuni: siku moja mmoja ni mwenye gari, kesho yake ni mwengine. Mwenye gari anaamua njia na mahali pa kulala, mwenzake anaweza kuuliza mara moja tu. Jambo likiharibika, linaandikwa, haliongelewi usiku. Asubuhi ile bibi aliandika mstari mmoja, akaniachia nisome: kanuni ya kuuliza mara moja imefutwa. Bwana akatia sahihi chini yake. Ndani ya chumba cha mita mbili kwa tatu, hakuna mlango wa kubamiza.

Kilwa Kisiwani tulienda kwa mashua. Msikiti mkubwa wa matumbawe, mji ambao Ibn Battuta aliufikia 1331, ni kitu cha kuona, lakini kusema kweli mimi nilikuwa bado natetemeka. Lindi tuliona mikorosho, mti uliotoka Brazili na Wareno, na unaokubali mchanga maskini ambao mahindi yanaukimbia. Tuliagana hapo. Wao waliendelea Mtwara, mimi nikapanda basi.

Nyumbani nilimsimulia bibi yangu yote, hata habari ya bahari, ambayo nilikuwa na nia ya kuificha. Yeye ni mtu wa Kabambare. Tuna mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na mama mkwe hajamwona bado, juu kati ya Kasongo na Kabambare ni zaidi ya kilomita mia moja na kila mara kuna neno: mvua, daraja la miti lililoanguka, au usalama. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Kumbe watu wanalala njiani na hawafi." Na mimi nikawa sina jibu.

Kwa hiyo tumeanza kupanga, kwa mwezi wa saba, kiangazi, kama njia iko salama. Moto moja, hema lile lile lililonusa bahari, sufuria, maji ya kuchemsha, usiku mbili kwa watu tunaowajua njiani. Bibi yangu amenunua daftari. Ukurasa wa kwanza ameandika tayari: baba wa mtoto hachagui mahali pa kulala.